Hawa wa Leo Wametoka Wapi

Bwenini,
Jumapili, 4 Februari

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mikono imekauka. Ile ya kwako ya mwaka jana ilinifikia ikiwa na alama ya kidole chenye sabuni, na wino wa nusu ukurasa ulikuwa umetoka wote. Nusu iliyobaki ilinichekesha vya kutosha, kwa hiyo silalamiki.

Nina ombi. Nimelizungusha kichwani wiki nzima kwa sababu unajua mdomo wangu ulivyo. Ukinikalisha mbele ya mtu ninaishia kusema "hamna kitu". Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Likizo iliyopita, tukiwa mezani, ulisema tajiri wako ana utaratibu: mwosha magari akitimiza miaka kumi na tano pale yadini, anapewa gari dogo la kukodisha kwa siku tatu, aende anakotaka na familia yake, mradi iwe kabla ya msimu wa wageni. Ulisema kama mzaha, ukaendelea kula. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa anaitazama kalenda.

Unaijua ile kalenda iliyo juu ya jiko, yenye picha ya ziwa kati ya milima. Mwaka wake ulipita zamani na mvuke umeikunja pembe zote. Kila nikitaka kuitoa Mama husema, "Iache, inaziba ufa." Nimeinua nikaangalia nyuma yake, Mjomba. Hakuna ufa.

Basi ombi langu ni hili: tumpeleke. Mwisho wa mwaka ninamaliza shule, na nikipata nafasi ninayoitafuta nitakwenda kusoma mbali, yeye abaki na tanuri la watu na picha yake. Tangu nipate akili sijamwona akipumzika siku mbili zinazofuatana. Ningependa, kabla sijaondoka, nimwone ameketi mahali ambapo hapaswi kuinuka kugeuza trei za mikate.

Wewe utaendesha. Si bure watu wote wanakuita Dereva. Mimi nitapanga njia, mahali pa kulala na vitu vya kuona. Maktaba yetu ina rafu nzima ya vitabu vya safari ambavyo hakuna anayeviazima ila mimi na mchwa.

Ukisema hapana nitaelewa.

Mpwa wako,
Profesa
(jina ulilonipa wewe, bado naona haya kulitumia)


Yadini,
Alhamisi, 15 Februari

Profesa,

Ndiyo.

Nimeliweka neno hilo juu kabisa ili hata nikilowesha karatasi hii lisalimike. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na Mrefu, mwenzangu wa zamu, akadhani nimeandikiwa na mchumba. Nikamwambia huyu anatisha kuliko mchumba, huyu ni mpwa.

Nimeongea na tajiri. Tumepata wiki ya tatu ya Aprili, gari dogo jeupe, lile lenye mlango wa nyuma unaotaka kubembelezwa ndipo ufunge. Ni dogo lakini halina kiburi.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakimo kwenye rafu yako. Mimi na Mrefu tuna mchezo wetu. Gari likirudi kutoka safari, kabla hatujaligusa kwa maji, mmoja anauliza, "Hawa wa leo wametoka wapi?" Mwingine anainua zulia la miguuni na kutazama. Kukiwa na vumbi jekundu linalong'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga, hao wamepanda genge la mawe, ule mteremko mkali. Kukiwa na udongo mweupe, laini kama unga wa mama yako, hao wamekaa na wafinyanzi. Na ukikuta mchanga mweusi wenye vipande vya konokono, basi hao wamefika ziwani kabisa. Huo mchanga ndio mtihani. Unaingia kwenye reli ya kiti, lazima uufuate na mswaki.

Miaka kumi na sita nimeutoa ule mchanga. Nadhani nusu ya ufuko nimeihamishia kwenye mtaro wa yadi. Ziwa lenyewe sijawahi kuliona.

Mama yako nimemwambia. Akasema, "Tutaona," ambayo kwake ni kama kupiga vigelegele. Nikamwahidi kwamba atakaa kiti cha nyuma kama mke wa balozi, kioo kimeshushwa nusu, asiguse chochote ila mkoba wake. Akaniambia niache upuuzi nimwondolee mfuko wa unga njiani. Lakini alicheka, nilimwona.

Panga, Profesa. Usiruke hata kona.

Mjomba wako,
Dereva


Bwenini,
Jumapili, 3 Machi

Mjomba mpendwa,

Asante kwa neno lile la juu. Nililisoma mara kadhaa kabla ya kuendelea na mengine, kama mtu anayenusa chakula kwanza.

Nimefanya jambo ambalo hutaliamini. Nilikwenda mwenyewe hadi mlango wa chumba cha walimu kumwomba mwalimu wa jiografia ramani. Kusema kweli sikubisha hodi. Nilisimama tu hapo nje, hadi akatoka akauliza, "Wewe umeadhibiwa na nani?" Nikasema sijaadhibiwa, ninataka ramani. Alifurahi sana hata mimi nikaogopa. Alinikalisha, akanichorea kwa penseli nyekundu, akasema njia hiyo aliipita alipokuwa kijana na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. Nilitoka mbio, lakini ramani ninayo.

Nimepanga hivi. Siku ya kwanza tuondoke asubuhi, tupande genge la mawe mekundu taratibu. Juu kuna pango lenye michoro ya watu wa kale: wawindaji wembamba kama njiti, na mnyama mmoja ambaye wataalamu hadi leo wanabishana kama ni ng'ombe au ni kosa la mchoraji. Mchana tuwe kwa wafinyanzi. Kitabu kinasema wanawake wa pale hawatumii gurudumu. Chungu kinakaa chini na mfinyanzi ndiye anayekizunguka, kinyumenyume. Ningependa Mama aone hilo, kwa kuwa na yeye kazi yake ni ya kuzunguka vitu vyenye moto. Tulale hapo, kuna nyumba ya wageni. Siku ya pili ziwani, tukae huko hadi tuchoke kukaa. Siku ya tatu turudi.

Sasa maswali ya kwako, maana haya hayamo vitabuni. Baada ya genge kuna tambarare ndefu iliyonyooka ambapo kitabu kinasema magari hukimbia. Wewe hupenda kwenda kasi gani kwenye njia kama ile? Naomba kujua ili nipange saa za kula. Na kile kilima cha mwisho kabla ya ziwa, kinapandwa kwa gia ipi?

Wasichana wa bwenini nimewaambia habari zako. Nimewaambia mjomba wangu anaweza kurudisha gari nyuma katikati ya magari mawili, nafasi ikabaki ya kiganja kila upande, huku anaongea na mtu dirishani. Hawakuamini. Mimi, ambaye huwa sibishani na mtu, nilibisha hadi taa zikazimwa.

Mpwa wako mwenye shukrani,
Profesa


Yadini,
Alhamisi, 14 Machi

Mpwa wangu,

Barua nimeipata. Umefanya kazi nzuri, na mwalimu wako Mungu amzidishie.

Nimekuwa nikifikiri. Lile gari jeupe breki zake hazinipendezi siku hizi. Halafu Aprili mvua huwa hazitabiriki, na genge likilowa si pa kuchezea. Na tajiri naye hajakaa sawa, ana mambo mengi.

Labda tuanze na safari ndogo. Kuna ile bustani ya mjini nyuma ya ofisi za maji. Ina bwawa. Mama yako anaweza kukaa kwenye benchi, tukabeba chakula. Tunaweza hata kwenda kwa miguu.

Kuhusu kasi na gia, tutaangalia.

Soma sana.

Mjomba wako


Bwenini,
Ijumaa, 22 Machi

Mjomba mpendwa,

Asante kwa barua yako. Nimeielewa, au nadhani nimeielewa.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona hakuna "Profesa" juu wala "Dereva" chini, nikajua nimekuchosha. Nimekutumia kurasa na maswali kana kwamba huna kazi nyingine, na siku zako tatu za mapumziko nimezipanga mimi bila kukuuliza wewe ungependa kuzifanyia nini. Mtu anayeshinda na magari mwaka mzima pengine asingetaka kulala ndani ya jingine. Sikuliwaza hilo.

Kwa hiyo naomba tuliache. Sisemi kwa hasira. Bustani ni nzuri, na bwawa pia ni maji.

Mambo uliyonifanyia ni mengi, na sijakuandikia hata moja. Ulikuja siku ya wazazi na ovaroli kwa sababu uliona kwenda kubadilisha nguo kungekuchelewesha. Wenzangu walitazama, na mimi siku ile niliona aibu kidogo, kisha nikaona aibu ya kuona aibu. Ulinisikiliza nikisoma shairi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, ukapiga makofi peke yako. Hilo linanitosha, Mjomba. Ziwa ni nyongeza.

Ramani nitamrudishia mwalimu tukikaribia kufunga shule.

Mpwa wako


Tanurini,
Alhamisi, 28 Machi

Mwanangu,

Ninaandika nimesimama, trei ziko motoni, kwa hiyo usiangalie mwandiko. Hiyo nyeupe kwenye karatasi ni unga.

Usirudishe ramani.

Mjomba wako alikuja jana na barua yako. Akaiweka mezani, akasema, "Soma," akaondoka bila kunywa chai. Tangu nimjue mdogo wangu hajawahi kuikimbia chai. Nikaisoma. Sasa nakwambia jambo, na usimwambie nimekwambia.

Mjomba wako hajui kuendesha gari.

Anajua kulizungusha yadini, hilo nani asiyelijua. Analitoa kwenye maji, analipeleka kwenye kivuli, analichomeka mahali ambapo hata paka angesita. Lakini nje ya geti hajawahi kulitoa, na leseni hana. Jina la Dereva ulimpa wewe. Ulikuwa mdogo, nimekubeba, tukampelekea chakula pale kazini, ukamwona anarudisha gari nyuma. Ukamnyooshea kidole ukasema, "Dereva." Lilikuwa neno lako refu la kwanza. Alilipenda mno, akalibeba hadi kwa majirani, na jina likaota mizizi. Angelikanaje sasa, na nani angemsikiliza?

Ulipoandika ile barua yako ya kwanza alikuja kwangu amechangamka kama mtoto. Nikamwuliza, "Na kuendesha?" Akasema, "Hadi Aprili nitakuwa nimejifunza, usimwambie Profesa." Anakwenda shule ya udereva kila asubuhi kabla ya kazi. Mwalimu wake anasema tangu aanze kufundisha hajaona mtu anayeegesha namna ile. Shida ni barabarani. Miaka yote yadini hajavuka gia ya pili, kwa sababu ukivuka gia ya pili pale unavunja ukuta. Basi injini inalia, anaambiwa tia ya tatu, mkono unakataa. Siku ya mtihani alikwenda njia nzima kwa gia ya pili, magari yamejipanga nyuma yake kama msafara wa harusi. Mtahini alimwomba ashuke, kwa heshima. Kesho yake ndipo akakuandikia habari za bustani.

Hukumchosha. Ulimwamini sana, basi.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, nimalizie. Kabla hujazaliwa mimi ndiye niliyekuwa naendesha gari la mikate la hapa tanurini. Hukuwahi kuuliza, sikuwahi kusema. Duka langu la mwisho lilikuwa chini ya kile kilima unachokiandika. Ziwa liko upande wa pili wake. Nilikuwa nashusha trei, nageuza gari mbele ya duka, narudi, maana gari lilikuwa linangojwa kwa mzunguko wa pili. Miaka mitatu nimegeuzia pale. Mwenye duka alinihurumia, akanipa kalenda, akasema angalau lione kwenye picha. Ulipoingia tumboni wakanihamishia kwenye moto, nikazoea. Leseni nimeendelea kuihuisha kila inapokwisha. Imo kwenye droo ya vijiko. Usiniulize ninaihuishia nini.

Sasa nakujua, umeshaanza kupanga. Acha. Siwezi kumwambia mdogo wangu anipishe kiti alichojipa kwa mapenzi. Siku nilizokuwa zamu yeye ndiye aliyekubeba mgongoni huku anaosha magari ya watu, ukalowa nyuma na yeye akalowa mbele. Kuliko nimwone amedunishwa, bora ziwa libaki pale ukutani.

Trei zinaniita. Kula vizuri.

Mama yako


Bwenini,
Jumatano, 3 Aprili

Mjomba mpendwa,

Naomba uisamehe barua yangu iliyopita. Nilijifanya ninaelewa wakati nilikuwa nimenuna. Ramani bado ninayo.

Nimekuwa nikifikiria ile safari tena, na nimegundua kosa katika mpango wangu. Nilikuweka kwenye usukani. Anayeshika usukani haoni kitu ila barabara na mgongo wa lori. Sasa nani angetuonyesha? Vitabu vyangu vyote vina picha nyeusi na nyeupe, Mjomba. Nimesoma habari za genge, za udongo na za mchanga, lakini rangi zake sizijui. Wewe ndiye unayezijua. Umezishika. Ningekuomba ukae kiti cha mbele pembeni ya dereva, uwe unatuambia, "Hapa ndipo linapotoka lile vumbi." Mimi nitakaa nyuma na ramani, nitakuwa nakuuliza.

Kitu kingine. Nimekuja kujua kwamba Mama, kabla sijazaliwa, alikuwa anaendesha gari la mikate hadi chini ya kilima cha ziwa, akigeuzia pale kila mara. Nilipolijua hilo sikuweza kusoma kitu kingine siku nzima. Kiti cha nyuma cha mke wa balozi ni kizuri, lakini nadhani kuna kitu angekipenda zaidi, nacho ni kukipanda kile kilima mwenyewe. Hataomba. Unamjua, angeomba radhi hata kwa kiti alichojikwaa. Na mimi sina haki ya kumpa, gari si langu. Gari ni lako, umelisubiri miaka. Anayeweza kumpa usukani ni wewe tu.

Usipotaka, nitafurahi na bustani, na safari hii nasema kweli.

Nimemaliza, lakini nina neno moja la pembeni. Mimi ninaitwa Profesa na sijawahi kufundisha hata kuku. Ulipoanza kuniita hivyo nilikuwa siwezi kujibu swali darasani bila kulia. Hukungoja nistahili. Mara nyingi, nikisimama mbele ya mlango kama ule wa walimu, huwa najikumbusha kwamba kuna mtu mmoja ananiita hivyo na haoni ajabu yoyote. Majina mengine ni ya namna hiyo, nadhani. Si lazima yalingane na cheti.

Mpwa wako,
Profesa


Yadini,
Jumanne, 9 Aprili

Profesa,

Umeandika kurasa mbili ukilizunguka jambo moja bila kulikanyaga, kama wale wafinyanzi wako. Nimekuona. Na najua nani alikwambia, kwa sababu wiki nzima mama yako alikuwa hanitazami usoni na ananiongezea sukari kwenye chai.

Nilikasirika kidogo, nisikudanganye. Nikaosha gari moja hadi Mrefu akaniuliza kama ninataka kulitoa rangi. Halafu nikaisoma tena ile sehemu ya kuku, nikacheka peke yangu, na hasira ikishachekwa hairudi vizuri.

Jioni nikaenda tanurini. Nikamkuta anakanda.

"Dada," nikasema, "nina gari na sina dereva."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni wa yadini. Natafuta mtu wa barabarani."

Akaendelea kukanda, donge lile lile, hadi nikalionea huruma. Kisha akasema, "Gari la mikate lilikuwa na usukani mzito."

"Hili ni jepesi. Mlango tu ndio una maringo."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mbele, nionyeshe njia."

"Njia naijua mimi."

"Basi nitaonyesha vumbi."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu ile barua yako. Akafuta mikono kwenye aproni, kila kidole peke yake, akasema nimsubiri amalize zamu twende nyumbani akanionyeshe kitu kwenye droo. Tulipofika na kuifungua, vijiko vyote vilianguka. Kwenye picha ya ile leseni amekaa kama anayekwenda kupigana.

Tajiri alitaka kujua nani ataendesha. Nikamwambia ni dada yangu wa tumbo moja, nikampa leseni. Akaisoma, akasema, "Huyu ameanza kuendesha wewe hujajua kuosha." Nilidhani nitaona haya. Sikuona. Nilijisikia kama siku ile unapovua buti zilizojaa maji.

Breki za gari jeupe ni nzima. Zilikuwa nzima siku zote.

Gia za kilima kile kamwulize mama yako.

Mjomba wako,
Dereva (la kubaki libaki, nimelizoea)


Bwenini,
Jumapili, 5 Mei

Mjomba mpendwa,

Ni wiki ya kwanza tangu turudi shule na kila mtu anauliza likizo ilikuwaje. Nimejaribu kusimulia, nikaishia kusema "ilikuwa nzuri". Kwa hiyo nakuandikia wewe uliyekuwepo, maana huhitaji kuelezwa.

Nilidhani nitakachokumbuka ni pango. Nakumbuka pango, na ninashukuru ulipouliza kwa sauti kubwa kama yule mnyama ni mbuzi aliyechoka, hadi mtembeza wageni akakubali kwamba inawezekana. Lakini ninachokiona nikifumba macho ni mikono ya Mama. Mwanzoni aliushika usukani kama trei ya moto. Tulipofika kwenye tambarare aliweka gia ya tatu, kisha ya nne, na wewe ulishika dashibodi kwa mikono yote miwili huku unasema, "Endelea tu, mimi niko sawa." Hukuwa sawa. Halafu Mama akaanza kuimba chini kwa chini. Miaka kumi na saba nimeishi naye na sikujua anaimba.

Kwa wafinyanzi uliinama ukachukua udongo mweupe ukausugua kati ya vidole, ukasema, "Ndiyo wewe," kama mtu aliyekutana na mtu ambaye walikuwa wakiandikiana tu. Yule mama mfinyanzi alikutazama akadhani una kasoro. Nilitaka kumweleza. Na unajua, nilimweleza. Nilisogea mwenyewe nikamwambia mjomba wangu anaosha magari na amekuwa akiuosha udongo wao miaka kumi na sita. Akacheka sana, akakupa kibakuli. Ulidhani alikupa tu.

Na pale chini ya kilima. Duka limefungwa, lakini baraza lake bado lipo. Mama alisimamisha gari mbele yake, injini inanguruma. Nilijua ndipo alipokuwa akigeuzia. Niliogopa mikono yake ingegeuza yenyewe, kwa mazoea. Kisha akavuta pumzi, akaweka gia ya pili, gari likaanza kupanda. Ukasema polepole, "Hiyo gia naijua mimi."

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, akawa anapanda kilima huku anajifuta kwa mgongo wa mkono, kwa hiyo sisi sote tulifika juu macho yana maji. Ndiyo maana picha ya kwanza ya ziwa niliyo nayo kichwani ina ukungu. Sijali. Ile ya kwenye kalenda ni safi zaidi, lakini haina sisi.

Nimempa mwalimu wa jiografia ramani yake. Alitaka nisimame darasani nisimulie. Nilisimama, Mjomba. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilifika hadi dawati la tatu.

Asante. Nimelitafutia neno hili jingine kubwa zaidi nikakosa.

Mpwa wako,
Profesa


Yadini,
Jumanne, 14 Mei

Profesa,

Barua yako imenikuta na mikono mikavu, leo hakuna gari lililorudi. Nimemsomea mama yako tanurini. Pale kwenye kuimba akasema, "Muongo huyu." Nikaendelea kusoma, na yeye akaendelea kukanda, na baada ya muda akaanza tena chini kwa chini, bila kujua.

Kalenda ameitoa. Sikumwambia aitoe. Niliingia jikoni nikaona ukuta mtupu na alama ya mraba safi mahali ilipokuwa. Nikamwuliza, "Na ufa je?" Akasema, "Ufa upi?" Kile kibakuli cha wafinyanzi nimempa aweke vijiko.

Kuna jambo sikukusimulia, maana ulikuwa unafunga begi la shule. Siku ya pili baada ya kurudi, zamu ya kuosha gari jeupe ilikuwa yetu. Mrefu alijua vizuri nani alikuwa nalo, lakini mchezo ni mchezo. Akasimama na mpira wa maji begani akanikazia macho.

"Haya," akasema. "Hawa wa leo wametoka wapi?"

Nikainua zulia la mbele. Lilikuwa na vumbi jekundu, na udongo mweupe wenye alama ya kisigino changu. Kwenye zulia la nyuma kulikuwa na maganda ya penseli yako. Nikapiga magoti nikatazama kwenye reli ya kiti cha dereva, na ule mchanga mweusi ulikuwepo, umejaa, pamoja na kipande cha konokono. Nikachukua mswaki wangu, nikauweka chini. Nikakaa pale pale, mlango wazi.

Mrefu akangoja, kisha akauliza tena, "Wametoka wapi?"

"Hawa," nikamwambia, "ni sisi."

Mjomba wako,
Dereva